Uzi wa Mkono wa Kushoto

Uzi ulipoacha kutetemeka, Muthoka alifumba jicho moja. Alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu yenye mafuta, shavu lake karibu na tairi, na uzi mwembamba wa katani ulikuwa umekazwa kutoka gurudumu la nyuma la lori hadi gurudumu la mbele. Upande wa pili, waliokuwa wakigonga vyuma walishusha nyundo zao. Hakuna aliyewahi kuwaamuru wanyamaze, lakini katika gereji ya Bwana Hirji, pale Thika, watu walikuwa wamezoea kwamba Muthoka akinyoosha uzi, hata mwenye kikohozi anakimeza.

"Limenyooka," alisema hatimaye, na nyundo zikaanza tena.

Neno hilo moja ndilo lililompa heshima mjini. Hakuna gari lililotoka mikononi mwake kabla hajalitamka, na wenye magari walilipokea kama muhuri wa serikali. Kazi yenyewe si rahisi kumweleza asiyeijua. Magurudumu ya mbele hayatakiwi kutazama mbele moja kwa moja. Yanatakiwa yainamiane kidogo sana, kiasi cha unene wa punje ya mtama, ili gari likishika mwendo yajinyooshe yenyewe. Ukizidisha, tairi linaanza kujila ukingo wa nje. Ukipunguza, linajila ukingo wa ndani. Na huko kujila hakuna kelele. Dereva anapiga honi na kupungia watu mkono, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Uzi wenyewe ulisokotwa na Waceke, mkewe. Muthoka alikuwa Mkamba wa Ngoliba, na Waceke Mkikuyu wa Ruiru, na walipooana watu wa pande zote mbili walinung'unika mpaka wakachoka. Waceke alikuwa wa mkono wa kushoto. Wanawake wengine, wa huku na wa kule, husokota katani pajani kwa kiganja cha kulia. Yeye alisokota kwa kiganja cha kushoto kwenye paja la kushoto, na uzi wake ukajipinda kinyume na nyuzi za dunia nzima. Ukiutazama kwa karibu, mistari yake ilipanda kuelekea kushoto. Muthoka alikuwa akimtania kwamba siku moja uzi huo utayafanya magari ya Wazungu yarudi kinyumenyume mpaka Mombasa, naye akimjibu kwamba afadhali kurudi nyuma kuliko kwenda kombo. Mwishoni mwa kila uzi alifunga mafundo mawili na kitanzi kidogo cha kutosha msumari ule mume wake aliotundikia vifaa.

Sasa ulikuwa umepita mwaka mmoja na miezi minne tangu Waceke achukuliwe.

Ilikuwa katikati ya Hali ya Hatari, siku ambazo Mkikuyu hakuvuka hata mto bila kipande, yaani cheti cha kusafiria, chenye muhuri. Waceke alitaka kumpelekea mama yake unga kule Ruiru, na alikuwa amemwomba Muthoka waende pamoja Jumamosi, maana mwanamke aliyeandamana na mume Mkamba hakusumbuliwa sana na askari. Muthoka alikuwa na lori la kumaliza Jumamosi hiyo. Alimwambia aende tu Alhamisi, atarudi kabla jua halijatua. Waceke akajitwika unga wake akaenda. Huko Ruiru askari walizingira soko, na kipande chake kilikuwa na muhuri, tena muhuri halali kabisa, isipokuwa ulikuwa wa Thika na yeye alikuwa amesimama Ruiru. Wakampakia garini pamoja na wengine.

Muthoka alizunguka ofisi zote alizozijua. Karani mmoja alimwambia arudi Jumatatu, na Jumatatu karani mwingine akamwambia arudi kwao. Tangu hapo hakupata neno. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Yake yalikuja siku ileile na hayakuondoka. Kila alipolaza mgongo aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema: nenda tu.

Na alimtamani mke wake, tusifichane. Alizoea kula naye sahani moja chumbani kwao Kamenu, Waceke akiwa amekaa kulia kwake kwa ukaidi tu, ili kiwiko chake cha kushoto kigongane na kiwiko cha kulia cha mumewe kila tonge. Walikuwa wakigombana juu ya jambo hilo mara mbili kwa wiki. Sasa kiwiko cha Muthoka kilikuwa na nafasi tele. Mama yake alimtumia salamu kutoka Ngoliba kwamba nyumba haikai bila moto, na kwamba kuna msichana aitwaye Kanini, mchapakazi, wa watu wazuri. Muthoka alimrudishia salamu kwamba yeye ana mke.

Mwezi wa nane, wakati wa baridi na manyunyu, liliingia gerejini lori ambalo hakuwa amewahi kulishika. Dereva wake, Kisilu, alikuwa Mkamba mwenzake, mtu mpole mwenye macho ya uchovu. Walisalimiana kwa Kikamba na kuulizana habari za mvua kwao, kisha Kisilu akasema lori ni la Mzungu mmoja mwenye machimbo ya mawe huko chini ya Ruiru, na kwamba usukani unavuta kushoto. Muthoka hakuhitaji kuambiwa. Ukingo wa nje wa tairi la mbele ulikuwa umelika hadi ukawa na makali ya kisu. Ndani ya mifereji ya tairi aliona udongo mweusi wa tambarare na vipande vya mawe ya kijivu.

Alipanda nyuma kulishusha tairi la akiba. Hapo, kwenye ubao wa pembeni, mahali ambapo mtu aliyeketi sakafuni angeegemeza kichwa, aliona kipande cha uzi kimefungwa. Kilikuwa cha nyuzi za gunia, kifupi kama kidole. Mistari yake ilipanda kuelekea kushoto. Mwishoni kulikuwa na mafundo mawili na kitanzi.

Muthoka alikaa chini, palepale juu ya vumbi la mawe.

Aliposhuka alimuuliza Kisilu anabeba nini garini. Kisilu alisema mawe. Muthoka akamuuliza tena, polepole, anabeba nini wakati habebi mawe. Dereva alitazama lango la gereji, akatazama viatu vyake, kisha akasema kwamba kuna kambi ya wanawake, kwamba yeye huwachukua asubuhi kwenda kuvunja mawe na kuwarudisha jioni, na kwamba nyuma huketi askari mwenye bunduki. Haruhusiwi kuzungumza nao. Majina yao hayajui, kwa maana wanaitwa kwa nambari. Alimsihi Muthoka asimuulize zaidi, kwani naye ana watoto.

Siku hiyo Muthoka alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ashike spana. Aliweka tairi jipya, akanyoosha uzi, akapima. Kisha alipolala chini ya lori kukaza chuma kinachounganisha magurudumu ya mbele, alikizungusha mizunguko miwili zaidi ya ilivyotakiwa, akakaza nati. Gari lililonyooka lingekaa mwaka mzima bila kurudi. Hili lingerudi baada ya wiki tatu. Alikata kipande cha uzi wake mwenyewe, akakifunga ubaoni pale alipokitoa kile cha Waceke. Nyundo zilikuwa zimenyamaza zikimngojea.

"Limenyooka," alisema, na hakuna aliyeshuku, maana nani angemshuku Muthoka?

Jumapili alichukua kile kipande akaenda nacho Ruiru kwa mama mkwe wake, Idah, aliyekuwa sasa anaishi katika kijiji kilichozungushiwa handaki na miiba. Kwa Mkamba, mama mkwe haguswi wala hatazamwi usoni, kwa hiyo Muthoka aliketi mbali kidogo, akageukia mlango, akauweka uzi juu ya kigoda katikati yao. Mama Idah aliuokota. Aliuviringisha kati ya vidole kwa muda mrefu.

"Mkono huu niliupiga," alisema. "Tangu alipoanza kula mwenyewe. Niliupiga kwa fimbo, niliufunga kwa kitambaa, niliuombea kanisani. Mtoto wa kike kula na kufanya kazi kwa kushoto! Alilia, akangoja nigeuke, akarudia. Nilishindwa mimi, mwanangu, si yeye." Kisha akajifunika uso kwa leso yake. Muthoka aliendelea kutazama mlango, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

Lori lilirudi siku ya ishirini na mbili. Ubaoni palikuwa na uzi mwingine: katani ya kile kipande alichokifunga yeye, iliyofumuliwa na kusokotwa upya pamoja na nyuzi za gunia, kushoto kama kawaida. Muthoka aliutia mdomoni kabla hajajua anafanya nini. Ulikuwa na ladha ya vumbi na jasho. Alifunga kipande kingine, na ndani ya fundo akaficha punje chache za sukari guru katika kitambaa, akabadilisha tairi, akakaza nati yake ya uongo. Bwana Hirji alipita akacheka kwamba lori hili limempenda Muthoka, haliwezi kukaa naye mbali. Muthoka naye alicheka. Kwa siku zilizofuata alikula vizuri, alipiga mluzi kazini, na usiku alilala upande wake wa kitanda akiuacha ule wa Waceke wazi, kama mtu ambaye mkewe amechelewa kidogo tu sokoni.

Wakati mwingine akili ilimwambia kwamba tairi linalojila hupata joto, na tairi lenye joto hupasuka. Aliijua habari hiyo kuliko mtu yeyote Thika. Lakini mwenye njaa hahesabu matonge, na Muthoka alijiambia wiki tatu ni chache.

Mara ya tatu lori lilikuja siku ya kumi na sita, likivutwa na trekta.

Kisilu aliteremka akiwa na jeraha bichi kwenye paji la uso. Alimvuta Muthoka kando, nyuma ya rundo la matairi makuukuu, na kumweleza. Walikuwa wakishuka mteremko wa mto Ndarugu asubuhi. Tairi la mbele lilipasuka kwa mlio wa bunduki, askari akadhani wameshambuliwa akapiga risasi hewani, na lori likayumba hadi ukingoni mwa daraja, likagonga nguzo, likabaki limeinama. Wanawake thelathini na mmoja walikuwa nyuma. Mmoja alivunjika mbavu. Mwingine alitupwa nje na akaangukia mkono, na mfupa ulivunjika mahali pawili.

"Nimeambiwa niligonga jiwe," Kisilu alisema. "Sikumbuki jiwe, fundi. Nimelitafuta akilini siku tatu sasa. Sili, silali. Labda nilisinzia."

Muthoka alikimbilia lori, akapanda, akapapasa ubao kwa vidole kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha ubao wa pili, kisha sakafu. Hapakuwa na uzi. Alishuka.

"Aliyevunjika mkono, ni mkono gani?"

"Sijui. Alikuwa ameukunja kifuani, amefunikwa shuka."

"Ni mnene? Mwembamba? Ana pengo la jino hapa?"

"Wote wamekuwa wembamba," Kisilu alisema.

Palikuwa na njia ya kunyamaza, na ilikuwa pana. Kisilu alikuwa tayari amejibebesha kosa, Mzungu wake alikuwa ameshalikubali, na nati haina mdomo. Muthoka alimtazama yule mtu akijigusa jeraha lake, akiendelea kulitafuta jiwe ambalo halikuwapo, na akaona hawezi.

"Hukugonga jiwe wala hukusinzia," alisema. "Ni mimi niliyeliacha gurudumu kombo. Mara zote mbili."

Kisilu alimkodolea macho kama aliyeambiwa kwa lugha ya kigeni.

"Kwa nini?"

"Nilitaka urudi. Mke wangu yumo humo kambini. Ndiye anayefunga nyuzi."

Dereva aliketi juu ya tairi kuukuu. Angeweza kwenda moja kwa moja kwa Bwana Hirji, au kituo cha polisi kilichokuwa hatua mia mbili kutoka pale, na Muthoka asingemzuia. Mwishowe aliinuka, akajipangusa suruali.

"Nao ni wake za watu," alisema. "Linyooshe." Akaenda kusimama nje ya lango, akampa mgongo.

Muthoka alifanya kazi siku mbili. Alibadilisha matairi yote mawili ya mbele na kupiga msasa rimu hadi zikang'aa. Aliinua kila gurudumu kwa jeki na kulizungusha kwa mkono, akalingoja lisimame lenyewe, maana gurudumu lenye upande mzito huuleta upande huo chini siku zote. Alitia alama ya chaki, akafunga kipande cha madini ya risasi upande wa pili, akazungusha tena. Aliendelea hivyo mpaka gurudumu likawa linasimama popote, lisichague. Wenzake walimwambia hili ni lori la mawe, si gari la Gavana. Kisha alilala chini, akarudisha ile mizunguko miwili, na akaukaza uzi wa Waceke kutoka nyuma hadi mbele. Unene wa punje ya mtama, kulia na kushoto. Alijua anachokifanya: alikuwa anaifunga njia pekee iliyokuwa ikimfikisha kwake. Lori lililonyooka namna hii halirudi.

"Limenyooka," alisema.

Hakuurudisha uzi kwenye msumari. Aliuzungushia ubaoni mzima mzima, mafundo yake na kitanzi chake, akaufunga imara. Alisimama kandokando ya lori akisikiliza injini ikiwaka. Kisilu alitoka bila kumuaga.

Kuanzia siku hiyo Muthoka alitumia uzi wa dukani. Mwezi wa kumi na moja ulipita na mvua zake, Krismasi ikaja na kwenda. Mara moja moja aliliona lile lori kwenye barabara ya Ruiru, kwa mbali, likikimbia bila kuyumba hata kidogo, na kila alipoliona alijawa na furaha na uchungu kwa pamoja, asijue atazame au ageuke. Nyuma yake kulikuwa na vichwa vilivyofungwa vitambaa. Alivihesabu kadiri alivyoweza kabla ya kona. Jumapili alikwenda kwa Mama Idah, akaketi akitazama mlango, na hakupata ujasiri wa kumwambia.

Mwezi wa pili, mchana wenye joto kali, Kisilu aliingia gerejini kwa miguu. Walikuwa hawajaonana uso kwa uso tangu siku ile. Alimsalimu Muthoka kwa upole uleule wa zamani na kumwambia kwamba matairi hayajajila hata kidogo, ni kama yalitoka dukani jana. Kisha akatoa mfukoni karatasi ya sigara iliyokunjwa.

"Niliukuta asubuhi hii pale ubaoni," alisema. "Nimemwambia yule askari naenda kununua tumbaku."

Ndani ya karatasi mlikuwa na uzi mrefu wa katani na gunia. Muthoka alitafuta mwisho wake kwanza. Mafundo mawili. Kitanzi cha kutosha msumari. Akashika bega la Kisilu. Yu hai, alisema, yu hai, yu hai.

Kisha aliusogeza jichoni, kama alivyozoea kuzitazama nyuzi.

Mistari yake ilipanda kuelekea kulia, kama ya mwanamke mwingine yeyote. Mahali pengine uzi ulikuwa mnene, mahali pengine umelegea karibu kuachia. Ilikuwa kazi ya kiganja kinachojifunza upya. Muthoka aliukumbuka mkono wa kushoto ambao fimbo haikuuweza, wala kitambaa, wala sala za mama yake; mizunguko miwili ya nati ndiyo iliyouweza. Alibaki ameushika ule uzi, na Kisilu, aliyekuwa hajui habari za mistari, alimuuliza kama si wake.

"Ni wake," alisema Muthoka.

Gari dogo la Mzungu mmoja mwenye shamba la mananasi lilikuwa linangoja. Muthoka aliuondoa uzi wa dukani kwenye msumari, akautia mfukoni. Akapiga magoti, akaufunga ule wa Waceke kwenye gurudumu la nyuma, akauvuta hadi la mbele. Upande wa pili walishusha nyundo. Uzi wenye vinundu haukazi upesi. Ulitetemeka, ukatulia, ukatetemeka tena, naye akaweka shavu lake karibu na tairi na kufumba jicho moja. Gereji nzima ilinyamaza ikingoja lile neno. Bwana Hirji alitoka ofisini kuuliza kuna nini. Muthoka alikuwa bado amepiga magoti, na hajalisema.